Mistari Minne Haisomi Picha

"Mwalimu, mbona mtu nimemweka kwenye theluthi na bado umenipa nane?"

Nane kati ya ishirini. Swali hili hunifuata kila ninaporudisha mazoezi, na anayeuliza huwa ameshika simu tayari, picha iko wazi, gridi imechorwa juu yake kama kielelezo cha mahakamani. Zoezi lenyewe halina fumbo: piga picha ya mtu akiwa kazini, kisha andika kurasa mbili za tafakuri, ueleze kwa nini uliipiga hivyo na mtazamaji atapata nini humo. Ninachokusanya ni aya moja iliyozunguka darasa zima: mpiga picha ametumia kanuni ya theluthi ili kuvuta jicho la mtazamaji, hivyo picha ina mvuto. Basi. Hata wakipewa picha za mabingwa wazichambue, aya ni ile ile, limebadilika jina la bingwa tu.

Kwa mdomo nimechoka. Leo naandika, ili atakayeuliza tena nimpe gazeti.

Kanuni yenyewe kila mwenye simu anaijua: mistari miwili ya kusimama, miwili ya kulala, kitu muhimu kiwekwe inapokatana. Kuijua si kosa. Kosa ni kudhani kwamba ndiyo mizani ya kupimia picha, na kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba ukishaitaja umekwisha kuchambua. Ni sawa na kuusifu wali kwa kusema umepakuliwa pembeni ya sahani.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Hakuna mwanafunzi anayeweka kitu juu ya mstari kwa rula. Kikiwa karibu anaridhika. Tuseme "karibu" ni asilimia 5 ya upana au ya kimo cha fremu, kila upande wa mstari. Kila mstari unakuwa mkanda wa asilimia 10. Mikanda minne, ukishaondoa sehemu zinazopishana, inafunika asilimia 36 ya picha nzima. Yaani zaidi ya theluthi ya fremu yako "iko kwenye theluthi" kabla hujainua kamera! Sasa tawanya humo vitu vitano ovyo ovyo: pikipiki, mbuzi, mwamvuli, nguzo ya umeme, mtoto. Uwezekano wa angalau kimoja kuangukia mkanda ni karibu 9 kati ya 10. Kanuni ambayo mbuzi anaitii bila kufundishwa haiwezi kuwa siri ya ufundi. Ukibisha, ingia kwenye picha ulizofuta wiki hii, zile za kidole mbele ya lenzi na za mtu aliyefumba macho, uzichoree gridi. Nyingi zitafaulu.

"Lakini mwalimu, hiyo ni kanuni ya tangu kale." Ya kale, ndiyo, ila si ya picha tunazopiga sisi. Jina "kanuni ya theluthi" lilichapishwa mwaka 1797 na Mwingereza John Thomas Smith, mchoraji na mchongaji wa picha za kuchapa, katika kitabu chake kuhusu mandhari za mashambani. Kamera ya kuhifadhi picha haikuwapo; Niépce alipata picha yake ya dirishani mwaka 1826 au 1827, na mbinu ya Daguerre ilitangazwa 1839. Smith alianza na maneno ya mchoraji Joshua Reynolds juu ya uwiano wa mwanga na giza kwenye mchoro, kisha akayavuta mpaka yakawa kanuni ya kugawa mbingu na nchi, maji na miti: theluthi moja huku, mbili kule. Alikuwa anasema ukubwa wa maeneo. Habari ya nukta nne za kukatana, ambazo leo zinasifiwa kama zina nguvu ya sumaku, imeongezwa na waliokuja baadaye.

Hiyo sumaku sasa. Nasomewa kila muhula kwamba jicho la binadamu "kwa asili" hukimbilia nukta hizo. Nani alilipima? Maana macho yamepimwa, na yanapimwa mpaka leo. Mwaka 1935 Guy Buswell wa Chicago alichapisha rekodi za macho ya watu wakitazama picha. Miaka thelathini baadaye Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti, alimkalisha mtazamaji mbele ya mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mtu akiingia nyumbani ghafla baada ya kutokuwapo muda mrefu, familia imeduwaa. Mtazamaji mmoja, mchoro mmoja, maswali tofauti. Alipoambiwa akadirie hali ya maisha ya familia ile, macho yalitembea kwenye fanicha na nguo. Alipoambiwa akadirie umri wa watu, yakang'ang'ania nyuso. Alipoachwa atazame apendavyo, yakazunguka kwa namna nyingine tena. Njia ya jicho iliongozwa na swali lililokuwa kichwani mwake.

Wataalamu waliofuata, kwa mitambo bora zaidi, wameona jambo jingine ambalo halimpendezi mpenzi wa theluthi: mtu akioneshwa picha kwenye skrini, mtazamo wake wa kwanza huwa na mazoea ya kuangukia karibu na katikati. Pale pale unapokatazwa kuweka kitu. Baada ya hapo huenda kwenye nyuso, kwenye maandishi, kwenye penye mwanga mkali kuliko pengine. Kama mtu wako yuko kwenye makutano ya mistari lakini nyuma yake kuna bango jeupe la kampuni ya simu, nitasoma bango kwanza. Umenipa bango. Ndiyo sababu ya nane.

Katikati haina dhambi. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948 na kwa miaka kumi na kitu akawapiga picha wakazi wa mji ule, wengi wao wakiwa katikati ya fremu kabisa, wametulia, wakitazama lenzi. Alitumia kamera kubwa ya filamu za sentimita 13 kwa 18, mara nyingi uani kwa mwanga wa jua, na kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa mteja, kwa kuwa filamu ni pesa. Wanafunzi wangu wakiziona husema "zimekaa kama pasipoti", wakageuza ukurasa. Rudi. Angalia kitambaa cha nyuma: mwanzoni kilikuwa shuka lake la kitandani lenye mashada pembeni, baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka michache, hata akaweza kukumbuka picha ni ya lini kwa kutazama kitambaa. Angalia gauni lenye maua mbele ya kitambaa chenye maua mengine: mwili unakaribia kumezwa na nakshi, halafu uso na mikono, ambavyo havina nakshi, vinajitokeza kwa nguvu. Angalia saa ya mkononi ilivyogeuzwa makusudi tuione, na redio iliyowekwa karibu, ambayo pengine ni ya studio. Hapo una kurasa mbili za tafakuri bila neno theluthi hata mara moja: mteja alitaka aonekane nani, na mpiga picha alimsaidiaje.

Wala huhitaji kwenda Mali. Fungua albamu ya bibi yako. Studio za pwani, kama Capital Art Studio ambayo Ranchhod Oza aliifungua Unguja mwaka 1930, zilijaza masanduku ya familia zetu watu waliosimama katikati. Sijasikia bibi akilalamika kwamba alipangwa vibaya.

Nije kwenye picha ninayoitoa kila mwaka, na ambayo kila mwaka inauawa kwa gridi. Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wameandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, polisi wamefyatua risasi. Sam Nzima wa gazeti la The World anampiga picha kijana Mbuyisa Makhubu akiwa amembeba mtoto aliyepigwa risasi, Hector Pieterson, na dada yake Hector, Antoinette, akikimbia kando yao. Tafakuri nyingi zinaanza kwa kupima Mbuyisa yuko kwenye mstari upi. Jamani! Filamu ile Nzima aliificha ndani ya soksi ili polisi wasiiharibu. Mtu wa namna hiyo hakuwa na muda wa kugawa fremu kwa tatu, na hata angegawa, gridi ingekueleza nini juu ya mtoto aliyepigwa risasi?

Anza na kamera ilikuwa wapi. Mbele yao. Hilo si dogo: picha nyingi za vurugu hupigwa kutoka pembeni au nyuma ya watu wanaokimbia, kwa sababu mpiga picha naye anakimbia au amejibanza. Hapa wanakuja kwetu. Mtazamaji anawekwa mahali pa anayeombwa msaada, na kweli gari la waandishi wa habari ndilo lililompeleka Hector zahanati. Kisha tazama miili. Mmoja umelegea na umelala. Miwili imesimama na iko mbioni. Utofauti huo unafahamika hata kwa mtu asiyejua Soweto iko wapi. Tazama mkono wa Antoinette, kiganja kimefunguka na kuinuliwa, kana kwamba anazuia kitu ambacho kimeshatokea. Tazama nguo: yeye sare ya shule, Mbuyisa ovaroli. Bila kuandika neno, picha imetaja shule. Mwisho jiulize umeliona wapi umbo hili la mtu anayembeba aliyekufa mikononi. Wakristo wamelichonga na kulichora kwa karne nyingi, Maria na mwanawe, na wachambuzi wengi wamelitaja mbele ya picha hii. Unaweza kukubali au kukataa, ila utakuwa unabishana juu ya picha.

Naona wengine wameshachukua mkasi. "Basi nitaikata kwenye programu mpaka mtu aangukie mstari." Dawa hii ndiyo mbovu kuliko zote, maana inakata kitu chenye sababu ili kuridhisha kitu kisicho na sababu. Picha ya mvuvi kazini, mmekata mtumbwi! Kukata picha si haramu. Henri Cartier-Bresson, ambaye mnamtaja kama mtu asiyekata kamwe, aliikata ile picha yake ya 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha Saint-Lazare, Paris, kwa kuwa alipigia kwenye upenyo wa uzio na uzio ukaingia kwenye fremu. Alikuwa na sababu, tena inaelezeka kwa sentensi moja. Ya kwako ni ipi?

Haya, la kufanya, upesi, nafasi inaisha. Kabla ya kusifu au kulaumu, orodhesha unavyoviona kwa dakika tano bila kutumia neno "zuri". Ukikwama, igeuze picha juu chini, utaona maumbo uliyokuwa unayaruka. Funika nusu kwa karatasi, kisha nusu nyingine: kama hakuna kilichopotea, nusu hiyo haikuwa na kazi. Ibadilishe kuwa nyeusi na nyeupe kwa muda. Mtu akizama kwenye ukuta wa nyuma, alikuwa anabebwa na rangi ya shati tu. Fuata kivuli cha pua ujue mwanga ulitoka wapi, na kimo cha macho ujue mpiga picha alisimama au alichuchumaa. Ukiwa na haraka ya kutafuta maneno, John Szarkowski, aliyeongoza idara ya picha ya Museum of Modern Art, New York, alikupa matano katika kitabu chake cha 1966: kitu chenyewe, jambo dogo ndani yake, fremu, wakati, na mahali pa kutazamia. Hayatoshi kwa kila picha, lakini yanatosha kwa kurasa mbili.

Kwa picha zako mwenyewe: leta na zile ulizozikataa, uniambie ya tatu imeizidi nini ya pili. Sogea kwa miguu kabla ya kukuza kwa vidole. Umbali ndio unaobadilisha uwiano wa pua na masikio, na lenzi pana ya simu ukiisogeza usoni itamfanya fundi cherehani wako awe na pua ya nguruwe. Hama hatua mbili nguzo isiote kichwani kwake. Msubiri ainue mkono. Andika ulichokusudia na ulichopata, na kama ni tofauti, sema. Alama zipo hapo.

Na gridi usiizime. Inasaidia sana kunyoosha mstari wa bahari, hasa ukipiga picha juu ya pantoni ya Kigamboni inayoyumba.