Kisima Kipo, Maji Je?

Machi 2012, Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF walitangaza kwamba lengo la Milenia la kupunguza kwa nusu sehemu ya watu wasio na maji salama limefikiwa tangu 2010, miaka mitano kabla ya wakati. Furaha ilikuwa kubwa, na visima vilivyochimbwa ni vya kweli. Ila maji yenyewe hayakuwa yamepimwa. Kilichohesabiwa ni aina ya chanzo: ukichota bombani, kwenye kisima cha pampu au chemchemi iliyojengewa, uliandikwa kuwa umepata, hata kama bomba linatoa mara moja kwa wiki.

Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa Septemba 2015 kuchukua nafasi ya yale ya Milenia, yaliweka kipimo kigumu zaidi. Chini ya Lengo la 6, pamoja na chanzo kuwa bora, maji yawepo nyumbani kwako, yapatikane unapoyahitaji, na yasiwe na vimelea wala kemikali hatari. Katika hesabu ya taifa, sharti lenye alama ya chini kuliko mengine ndilo linaloamua. Nchi haiwezi kuficha uchafu wa maji nyuma ya wingi wa mabomba. Kwa kipimo hiki, watu bilioni 2.2 duniani walikuwa bado hawana maji ya namna hiyo mwaka 2022.

Siku hizi baadhi ya watafiti wa kaya hubeba vifaa vya kupimia. Humwomba mwenye nyumba glasi ya maji ambayo familia hunywa, huchuja mililita 100, kisha huweka kichujio kwenye kisahani na kukitunza katika joto kwa saa 24. Madoa ya buluu yakitokea, hao ni bakteria wa E. coli, ishara kwamba kinyesi kimeingia. Mara nyingi kisima huwa kisafi na glasi ikawa chafu, kwa sababu maji huchafuka njiani, kwenye ndoo na kata.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kabisa. Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, miamba ya volkano huingiza floraidi kwenye maji. WHO inashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vinavyopita hapo mbali sana. Watoto hukua na meno ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa sana hata mifupa hupinda. Kuchemsha hakusaidii: maji yakipungua, floraidi huzidi kukolea. Kisima cha namna hiyo, katika hesabu ya Milenia, kilikuwa ushindi.

Ninakiunga mkono kipimo kipya hata pale kinapotuaibisha. Basi jumuiya yenu ya watumia maji ikiwasomea taarifa ya mapato na matengenezo, simameni muombe pia majibu ya maabara: yana tarehe gani, na E. coli na floraidi ni kiasi gani.