Oksijeni ya Kurudi Nyumbani

Yakija mazungumzo ya binadamu kuhamia Mirihi, wengi huuliza kwanza: huko watavuta hewa gani? Hewa ipo, lakini ni nyepesi kupindukia. Mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa duniani, na asilimia 95 yake ni hewa ya ukaa.

Roboti ya NASA iitwayo Perseverance ilipotua kwenye bonde la Jezero Februari 2021, ilikuwa imebeba tumboni mashine ndogo, MOXIE. Mashine hiyo ilivuta hewa ya Mirihi, ikaichuja vumbi, ikaigandamiza, kisha ikaipasha joto hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi. Hapo umeme ukachomoa oksijeni. Kwa nje ilipakwa dhahabu, si kwa urembo, bali kuzuia joto lisiunguze vifaa vya jirani.

Hadi ilipostaafu mwaka 2023, iliwashwa mara 16 na kutoa gramu 122 tu. Mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi kwa siku! Si vibaya kucheka, ila oksijeni haikuwahi kutengenezwa kwenye sayari nyingine kabla ya hapo, na hii ilikuwa safi kwa asilimia 98 au zaidi.

Na kuvuta pumzi ndiyo kazi ndogo. Mlaji mkubwa wa oksijeni ni roketi ya kurudi, kwa kuwa mafuta yake hayawaki bila oksijeni. Kwa makadirio ya NASA, wanaanga wanne wakikaa Mirihi mwaka mzima watavuta tani 1 hivi. Kuondoka tu pale chini kutahitaji tani 25. MOXIE, ilipojitahidi kabisa, ilitoa gramu 12 kwa saa. Kwa mwendo huo, tani 25 zingepatikana baada ya miaka zaidi ya 230.

Kwa hiyo inafikiriwa mashine kubwa itangulie, ijaze matangi, ndipo watu wafuate. Nafasi ya safari hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, Dunia na Mirihi zinapokaribiana.

Na umeme wa kuendesha mashine hiyo? Jua halitegemeki. Mwaka 2018 tufani ya vumbi ilizingira Mirihi yote, na roboti Opportunity, iliyoishi kwa umemejua, ikanyamaza moja kwa moja. Wahandisi wengi wanaelekea kwenye nyuklia. Mwaka huohuo NASA na wenzao walikamilisha majaribio ya mtambo mdogo wa aina hiyo huko Nevada.