Sauti Tamu Haitoshi Kuingia Chuo cha Muziki

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Kijana wa Ndara anayeongoza kwaya hutunzwa kweli kweli: harusini huitwa yeye, matangani huitwa yeye. Lakini akiteremka mlima hadi Voi, kisha akasafiri kilomita zipatazo 330 mpaka Nairobi kutafuta nafasi ya kusomea ualimu wa muziki, huko hapokelewi kwa sifa za nyumbani. Huulizwa kama ajua kusoma nota.

Si kwamba Ndara, mlima ambao wengi huuita Sagalla, ni mgeni wa nyimbo. Wamisionari wa CMS walifika huko mwaka 1883, na kwaya za kanisa zimekuwa chuo cha waimbaji wengi. Tena Taita ndiyo iliyomzaa Fadhili William, aliyevuma kwa wimbo "Malaika" na kufariki mwaka 2001. Yeye alipata jina kwa santuri, na santuri haimwulizi mwimbaji cheti. Chuo hakina budi kuuliza, kwani mwalimu hatakiwi kuimba tu. Atakiwa kumweleza mwanafunzi kwa nini sauti imepotoka, na kumwandikia njia ya kuirudisha.

Hapo ndipo wengi hukwama. Waimbaji wa kwaya zetu husoma solfa, yaani do, re, mi. Ni elimu ya maana wala isidharauliwe, lakini mitihani huleta nota za mistari mitano. Ajuaye solfa yuko nusu ya safari: sikio limekwisha kufunzwa, macho ndiyo bado.

Muziki ni somo la kuchagua katika mtihani wa KCSE. Mtahiniwa huimba au hupiga ala, hupimwa sikio lake, kisha huandika nadharia na historia. Ambaye shuleni kwake somo hilo halifundishwi anaweza kufanya mitihani ya ABRSM ya Uingereza, yenye madaraja 8. Kenya Conservatoire of Music, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944, ni mojawapo ya mahali pa kujiandalia. Ajue tu kwamba nadharia ya daraja la 5 ndiyo mlango wa kawaida wa kufikia madaraja ya juu.

Jambo la kufurahisha ni kwamba katika mtihani huo wa kuimba hutakiwa pia wimbo wa jadi usiosindikizwa na kinanda, kwa lugha yoyote. Kwa hiyo wimbo wa Kisagalla aliofundishwa na nyanya yake waweza kumpatia alama, mradi auimbe kwa usafi.

Vyuo vikuu vya Kenyatta na Maseno vina idara za muziki. Shahada huhitaji wastani wa C+ katika KCSE, na kila chuo huongeza masharti yake. Afadhali kuyauliza kabla ya kujaza fomu.

Wazazi nao wasilale. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 husoma katika mkondo waliokwisha kuuchagua, na mmojawapo ni wa sanaa na michezo. Uamuzi uliokuwa ukingoja mwisho wa kidato cha nne sasa huja mapema zaidi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana mwenye sauti na amwombe mwalimu wa kwaya amfundishe ile mistari mitano leo, hata kama ni nusu saa baada ya mazoezi. Akifaulu, huenda siku moja Ndara ikapata mwalimu wa muziki aliyezaliwa papo hapo.