Mizani ya weupe: Kwa nini jiwe hubadilika rangi pichani

Na Mwandishi Wetu, Kahama

JIWE moja likipigwa picha chini ya balbu na kisha juani, laweza kuonekana kama mawe mawili tofauti.

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, tofauti hiyo si suala la urembo tu, kwani picha iliyotumwa kwa simu inaweza kumshawishi mtu kutoa fedha zake.

Chanzo chake ni mwanga. Jicho la binadamu hulizoea badiliko la mwanga, hivyo karatasi nyeupe huonekana nyeupe mahali popote. Kamera ya dijitali huhitaji kuelezwa weupe ni upi, na kazi hiyo hufanywa na mpangilio uitwao mizani ya weupe.

Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin. Mshumaa una takriban 1,900, balbu ya kawaida 2,800, jua la mchana 5,500, na kivuli huzidi 7,000. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo mwanga unavyoelekea wekundu. Ikipanda, huelekea buluu.

Kwenye menyu ya kamera, alama za jua, wingu, nyumba yenye kivuli, balbu na taa ya tyubu huwakilisha hali hizo. Ukichagua alama ya balbu ukiwa juani, picha hugeuka buluu. Ukichagua ya kivuli chini ya balbu, kila kitu huwa cha rangi ya chungwa.

Hapo ndipo pairiti, madini ya chuma na salfa yenye unjano uliopauka, huweza kufanana na dhahabu. Kalkopairiti, yenye shaba, nayo ina unjano unaopotosha. Mwamba wa Buzwagi, ambako mgodi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kuusitisha mwaka 2021, ulikuwa na dhahabu pamoja na shaba.

Mpangilio wa kujiendesha nao una kasoro. Udongo mwekundu ukijaza picha, kamera hudhani wekundu huo umetokana na taa, ikaupunguza, na udongo ukapauka.

Dawa yake ni kuipimia kamera kwa mkono. Weka karatasi nyeupe au kadi ya kijivu penye mwanga ule ule unaoangaza jiwe, ijaze kwenye picha, kisha iamuru kamera ichukue kipimo. Mwanga ukibadilika, rudia. Wanajiolojia wanaopiga picha za miamba iliyochorongwa huweka kadi ya rangi kando ya sampuli, ili rangi zihakikiwe baadaye.

Mwenye kamera inayohifadhi faili ghafi anaweza kurekebisha rangi kwenye kompyuta bila kuharibu picha.

Hata hivyo, picha sahihi kiasi gani haithibitishi dhahabu. Uthibitisho hupatikana kwa vipimo vya maabara, au kwenye masoko ya madini, likiwamo la Geita lililofunguliwa mwaka 2019.