Je, Wajua? Amplifaya ya valvu haipigwi bila mzigo

Amplifaya ya gitaa inayotumia valvu, zile za kioo zinazofanana na taa, inaweza kuungua ukiipiga bila spika. Kati ya valvu na spika kuna transfoma. Upande wa spika ukikosa mzigo, yaani spika au kifaa kingine cha kupokea nguvu, volti hupanda ghafla, cheche zikaruka, na transfoma au valvu zikaharibika.

Anayetaka kurekodi usiku bila kuamsha majirani huchomeka kisanduku cha mzigo mahali pa spika. Rezista zake hugeuza nguvu ya amplifaya kuwa joto. Amplifaya ya wati 50 yenye tundu la omu 8 huhitaji kisanduku cha omu 8 kinachohimili wati 50 au zaidi, pamoja na waya wa spika, si ule mwembamba wa gitaa. Kutoka hapo, sauti iliyopunguzwa huingia kwenye kompyuta, na programu huiga mlio wa kabati la spika. Bila hivyo gitaa hukwaruza masikio.

Miaka ya 1980, Tom Scholz wa bendi ya Boston, Marekani, aliuza Power Soak, kifaa kilichomeza sehemu ya nguvu kabla haijafika kwenye spika.