Bahari Yapata Pacha Ndani ya Kompyuta

Je, msomaji, wajua kwamba mvua inayokulowesha ukingojea matatu jijini Nairobi huenda imepikwa mbali baharini? Mwishoni mwa mwaka wa 2019, maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yalipata joto kupita kiasi, ilhali yale ya upande wa Indonesia yalipoa. Mvua za vuli zikamwagika bila huruma. Mnamo Novemba mwaka huo, maporomoko ya ardhi yaliwaua makumi ya watu katika Pokot Magharibi, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Naam, kuijua bahari si haja ya mvuvi na baharia peke yao. Ndiyo maana wanasayansi wa nchi mbalimbali wamo mbioni kuiundia bahari pacha wake ndani ya kompyuta.

Pacha huyu ni nini?

Si picha wala ramani. Ramani ikishachapishwa haibadiliki, lakini pacha huyu hubadilika kadiri bahari yenyewe inavyobadilika. Wataalamu huigawa bahari katika vijisanduku, kimoja juu ya kingine kama matofali ya ukuta. Kila kijisanduku hupewa tarakimu zake: joto, chumvi na kasi ya mkondo. Kisha kompyuta zenye nguvu hupiga hesabu ya jinsi maji ya kijisanduku kimoja yanavyoathiri yale ya jirani yake.

Hata hivyo, hesabu peke yake hupotoka upesi. Sharti isahihishwe kwa vipimo vya kweli. Setilaiti hupima joto, rangi na kimo cha maji ya juu, lakini haziwezi kuona kilindini. Kazi hiyo hufanywa na maboya ya mpango wa Argo, yapatayo 4,000 duniani. Boya huzama mita 1,000 na kuchukuliwa na mkondo. Baada ya siku 10 hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi njiani. Likiibuka hutuma habari zake kwa setilaiti na kuzama tena.

Kuuliza kabla ya kutenda

Utabiri wa kawaida hukwambia kesho bahari itakuwaje. Pacha huulizwa zaidi: Je, mikoko hii ikikatwa, mawimbi yatafika wapi? Mafuta yakimwagika hapa, yatachafua ufuo gani? Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walinena. Heri basi kuyamwaga kwanza ndani ya kompyuta.

Umoja wa Ulaya ulitangaza mpango wake wa kuunda pacha wa bahari mjini Brest, Ufaransa, mnamo Februari 2022. Mfano wa kwanza ulionyeshwa Juni 2024.

Lakini tusidanganyike kwamba kompyuta haikosei. Mji wa Venice, Italia, una milango 78 ya chuma inayoinuliwa kuzuia bahari isiufurike. Milango hiyo iliukinga mji kwa mara ya kwanza Oktoba 2020. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Desemba, utabiri ulionyesha maji yasiyo ya kutisha, na milango ikaachwa chini. Upepo ukachacha, maji yakapanda kuliko ilivyotarajiwa, na uwanja maarufu wa Mtakatifu Marko ukafurika. Ulinzi ulikuwepo, kilichokosekana ni habari sahihi kwa wakati.

Na sisi je?

Hapa ndipo penye swali letu. Katika mojawapo ya mitambo mikuu ya Ulaya inayotabiri bahari zote za dunia, kijisanduku kimoja karibu na ikweta kina upana wa kilomita 9 hivi. Kisiwa kizima cha Mombasa chaweza kumezwa na kijisanduku kimoja! Mkono wa bahari wa Tudor hauonekani humo, wala mikoko ya Gazi.

Atakayetaka pacha wa pwani yetu itambidi apime pwani yetu: kina cha vijito, kimo cha bamvua, upana wa mikoko, uhai wa matumbawe. Itambidi pia aketi na wavuvi wanaojua kusi huanza lini na maji hupinda wapi, maana ujuzi huo haupatikani kwa setilaiti.

Kwako mwanafunzi, hesabu unazozikimbia darasani ndizo zinazoumba pacha huyu. Nawe mzazi, mtakapokwenda pwani likizoni, waonyeshe watoto alama ambayo maji kujaa huacha mchangani. Waulize kesho itakuwa wapi, kisha rudini mkaitazame. Hiyo ndiyo kazi yote ya pacha: kukisia, kupima na kujisahihisha.