Kabla Hujalipia Fremu, Pima Jua na Hesabu Uniti

Leo tuache mambo ya bei na madeni, tuongelee chumba chenyewe unachouzia. Wengi wetu huku Kayanga, Omurushaka, Nkwenda mpaka Murongo tukitafuta fremu tunauliza mawili tu: kodi shilingi ngapi, na wateja wanapita? Jua linaingilia wapi hatuulizi. Na hilo jua unalilipia kila mwezi kwenye LUKU.

Wahandisi wana programu za kompyuta zinazokadiria jengo litakula umeme kiasi gani hata kabla halijajengwa. Kuna EnergyPlus ya serikali ya Marekani, ni ya bure. Kuna EDGE ya IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia: jengo linapata cheti likiokoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji, na vifaa vya ujenzi navyo vinapimwa. Mimi nimeishia sekondari, hizo sikusomea. Ila maswali yake ni ya kawaida kabisa: jua linapiga upande gani, paa linapitisha joto kiasi gani, upepo unapita wapi, vifaa vinawaka saa ngapi. Kwa fremu moja, daftari na kalamu vinatosha.

JUA. Huku tupo karibu na ikweta, mchana jua linakuwa karibu utosini. Mlango unaotazama kaskazini au kusini unapona. Unaotazama magharibi, kuanzia saa tisa jua linashuka na kupenya mpaka kwenye shelfu. Blue Band inalainika, pipi zinashikana. Kibaraza peke yake hakizuii jua la chini, unahitaji turubai la kushusha.

BATI. Wazee wetu Wanyambo walikaa kwenye msonge. Nyasi nene zile mchana zinazuia joto, usiku zinazuia baridi. Bati tupu linafanya kinyume. Dawa yake ni dari, na matundu ya hewa juu ya ukuta ili joto litoke.

UNITI. Kanuni ni hii: wati mara saa, gawa kwa 1,000. Balbu 4 za wati 60 kwa saa 5 ni uniti 1.2 kwa siku. Balbu 4 za LED za wati 9, saa hizo hizo, ni uniti 0.18. Kwa siku 30 umeokoa uniti 30.6. Bei ya uniti yako unaipata kwa kugawa hela uliyonunulia kwa uniti ulizopewa.

Friji usilihesabu hivyo, maana linawaka na kuzima lenyewe. Lipime kwenye mita. Mimi nilitumia Jumapili nikiwa nimefunga duka, kila kitu kimezimwa isipokuwa friji. Saa 12 za mchana lilikula uniti 1.2. Saa 12 za usiku, uniti 0.7. Mlango haukufunguliwa hata mara moja, kwa hiyo ile 0.5 ni joto tu. Nikalihamisha kutoka ukuta wa magharibi, nikaacha nafasi nyuma lipumue. Jumapili iliyofuata, hali ya hewa ile ile, mchana likala 0.9. Hiyo 0.3 kwa mwezi ni uniti 9.

Sasa hapa ndipo hesabu ilinisaidia kweli. Nilikuwa natafuta fremu ya pili, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, na mtaji wenyewe ni wa kikundi. Fremu mbili: ya kutazama kaskazini 60,000 kwa mwezi, ya kutazama magharibi 50,000. Nikasema tuchukulie joto linaongeza uniti 0.5 kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 15, kwa bei yangu ya kama 350 ni 5,250. Tofauti ya kodi ni 10,000. Nikachukua ya magharibi, nikanunua turubai la 25,000, na friji nikaliweka ukuta wa ndani. Ndani ya miezi 6 kodi imepungua 60,000. Toa turubai, na hata ukitoa umeme wote wa ziada, 31,500, bado nimebaki na 3,500, na turubai ni langu. Faida ndogo, ila bila daftari ningeongozwa na maneno ya dalali.

Na wewe unayejenga fremu zako mwenyewe, fikiria tofali pia. La kuchoma linakula kuni nyingi. Yapo ya kufungamana, udongo na saruji kidogo, yanashindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi waliyahamasisha miaka mingi. Muulize fundi wako, alinganishe gharama ya ukuta mzima, sio ya tofali moja.

Kazi ya wiki hii: andika uniti za mita ukifunga na ukifungua, siku 7. Halafu tuambie hapa, fremu yako inatazama wapi, na friji limekaa ukuta gani?